Siku Nne Bhutan: Maji ya Titir

Wiki iliyopita tulimwacha bibi kizee Hemnalini kwenye kipandio cha mwisho, mkono ukutani, akitamka maneno matatu: "Hakuna anayekwenda Bhutan."

Tangu siku ile simu yangu haijapumzika. Wasomaji mnauliza, mama wa miaka themanini, goti bovu, hajashuka ghorofani tangu mwaka jana, kashukaje? Kashuka kwa makalio, kipandio kwa kipandio, kama mtoto mchanga. Mwenye jambo lake hakosi njia. Haya, tuingie sebuleni, chai inapoa.

Ilikuwa alasiri, siku chache kabla ya sikukuu ya Durga, na mtaa mzima wa Bagbazar, Kolkata, ulikuwa unagongwa misumari ya mapambo. Juu ya kitanda kipana cha sebuleni palikuwa na sinia la bisi za mchele na bajia za biringanya, na chini ya sinia palikuwa na ramani ya Bhutan iliyolowa mafuta. Debu, mdogo mtu wa nyumba ile, kapera wa miaka arobaini na tano, alikuwa amevaa kofia ya sufu ya kuziba masikio. Alisema anaijaribu. Jasho lilimtoka hadi kwenye kidevu.

Kaka yake Nirupam alikaa pembeni, anatazama ndani ya kikombe kama mtu aliyedondosha kitu.

Kakoli, mke wa Nirupam, alisimama mlangoni na birika. Hakutetemeka. Aliyekaa na mama mkwe miaka ishirini na sita hatetemeshwi na maneno matatu.

Kwa aliyejiunga nasi leo, ajue jambo moja. Kakoli hataki milima, hataki theluji, hataki picha. Anamtaka Titir, binti yake wa pekee.

Miaka mitatu iliyopita Titir alimfuata Kinley, kijana wa Paro, kule Bhutan, aliyekuja Kolkata kusoma. Bibi Hemnalini akasema mbele ya watu kwamba kwake yeye Titir amekufa, na jina hilo lisitajwe tena chini ya dari ile. Titir akashuka ngazi na begi moja. Mlangoni akageuka, akasema, "Nakuja, Mama."

Ndivyo wasemavyo wote mtaani mle wanapotoka, hata anayekwenda dukani kununua chumvi. Hakuna anayesema "nakwenda". Asemaye hivyo ni yule asiyerudi. Kakoli ameishi miaka mitatu kwa neno lile moja la mwanawe.

Majira ya baridi yaliyopita Titir alipiga simu kwa siri. Aliuliza namna ya kutengeneza achari ya kunazi. Kisha akasema, "Njoo, Mama. Njoo kabla ya mvua."

Kabla ya mvua Nirupam hakupata ruhusa kazini. Mvua zilipoanza alitumwa Siliguri, akarudi na tumbo bovu, na safari ikaahirishwa tena. Simu ya Titir ikawa haipatikani. Kakoli akajiambia mwanangu amenisusa, na ana haki.

Safari hii hakuomba ruhusa. Alimtuma Debu akate tiketi za treni, siku moja baada ya sikukuu, siku nne tu, mapumziko ya kawaida kama ya watu wengine. Chini ya sari zake sandukuni kulikuwa na kopo la achari ya kunazi lililofungwa kitambaa mdomoni. Hakuna aliyejua siri ile. Ndivyo alivyodhani.

Bibi alisaidiwa kukaa. Akakataa chai, akakubali bajia.

"Nendeni Puri," alisema. "Bahari ipo, hekalu lipo, samaki wapo. Babu yenu alikwenda Puri, baba yenu alikwenda Puri. Hakuna aliyekufa kwa kukosa kuona Bhutan."

Debu alilalamika kwamba Puri amekwenda mara kumi na moja na wachuuzi wa kule wanamwita kwa jina. Kama tatizo ni Bhutan, alisema, basi hata Nepal. Nepal haina masharti, unavuka daraja unaingia. Akaanza kueleza joto la Pokhara.

"Bhutan," alisema Kakoli.

"Shemeji, mimi nasuluhisha tu."

"Bhutan, Debu. Endelea na ulipokuwa."

Debu alikuwa amefika kwenye vitambulisho, na hapo ndipo mtu huyu anapostawi. Alisimama, kofia kichwani, akatoa hotuba. Nyumba hii haina mwenye pasi ya kusafiria, kwa hiyo kwenye geti la mpakani itahitajika kadi ya kupigia kura, basi. Zile kadi zote tatu ziko kabatini kwa mama, na mama atazitoa hasira zikipoa. Mtu asije akabeba kadi ya Aadhaar kwa sababu anaitumia benki na kwenye treni na kununulia laini ya simu. Pale haifai kitu. Watu wa Kolkata wanasafiri usiku kucha, wanafika getini wamejaa sweta, wanatoa Aadhaar, wanageuzwa.

"Najua," alisema Nirupam.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu chai imiminwe.

"Hata ukiwaomba," aliendelea taratibu, bado anatazama kikombe. "Yule askari ni mpole. Anakusikiliza mpaka mwisho. Halafu anakurudishia kadi yako kwa mikono miwili."

"Kaka, wewe ulifika lini?"

"Nimesikia kwa watu."

Debu alicheka, akachota bisi. Kakoli hakucheka. Mtu anaweza kusikia kwa watu kwamba kadi haikubaliwi. Lakini nani husimulia kwamba askari alimrudishia kwa mikono miwili?

Bibi naye alikuwa amemtazama mwanawe, jicho kali, kama anayemfinya chini ya meza. Kisha akasema kwa sauti kubwa kwamba mwaka huu una mkosi, yeye ameota ndoto mbaya, na nani asafiri mwaka wa mkosi.

"Mkosi gani tena, Mama?" Debu alisema, mdomo umejaa. "Kaka si ameuosha wote asubuhi ya Mahalaya? Nilisimama mtoni mpaka kiunoni, nikapata mafua. Hii kofia mnayoicheka ni dawa."

"Kunywa chai, Debu."

"Nakunywa. Nasema tu. Baba kapewa maji yake, babu kapewa, baba yake babu kapewa, kuhani kashafunga mambo, watu tunajikausha. Kaka karudi majini peke yake na ufuta mkononi. Namwita, hasikii. Akajaza viganja, akamwaga, mara tatu."

Ulimi hauna mfupa, jamani, na wa Debu haukuwa hata na kizibo.

"Alikuwa anampa nani?" Kakoli aliuliza.

Bajia ya Debu ilisimama nusu ya njia. Alimtazama kaka yake, akamtazama mama yake. Debu ana kasoro nyingi, lakini uongo haujui, na hiyo ndiyo iliyomwangusha.

"Shemeji, mimi nilikuwa mbali..."

"Ulisikia jina."

Debu aliirudisha bajia kwenye sinia.

Kakoli akaweka birika chini. Akamgeukia mumewe na kumwita kwa jina ambalo hakuna aliyemwita kwa miaka mitatu.

"Baba Titir. Ulimpa nani maji?"

Ninyi mnaojua watu wale mmeshaelewa. Maji ya Mahalaya yenye ufuta mweusi ni ya wafu. Wafu wana kiu, walio hai huwanywesha mara moja kwa mwaka, na aliye hai hapewi.

Ila wapo akina baba, na kila mtaa una mmoja, ambao binti akiwaudhi humfanyia mambo ya mazishi angali anapumua. Humwagia maji jina lake ili amalizike. Ni ukatili, lakini upo, na Kakoli aliung'ang'ania kwa mikono yote miwili. Kwa mara ya kwanza maishani aliomba mumewe awe katili.

"Sema ulikasirika," alimwambia. "Sema ulitii maneno ya Mama. Sema ulifanya kwa hasira, nikusamehe leo hii hii, mbele ya Debu."

Nirupam alifuta uso kwa kiganja.

"Sikukasirika," alisema.

Kakoli akakaa sakafuni.

Nirupam alieleza kwa vipande, Debu akimsukuma kwa maswali, maana Debu naye alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza. Kule mtoni alikuwa amedhani ni hasira tu za kaka yake. Wiki ya kwanza ya mvua Kinley alimpigia Nirupam ofisini. Simu ilikuwa mbaya, inakatikakatika. Alisikia "hospitali", akasikia "damu", akasikia "Titir ametutoka". Baada ya hapo Kinley aliendelea kusema, lakini Nirupam hakusikia tena. Masikio yalizibika.

Siliguri hakutumwa na mtu. Alipanda treni kama alivyo, mfukoni ana Aadhaar, kadi ya kila siku. Kadi ya kura ingemlazimu aombe ufunguo kwa mama yake, na angemwambia nini? Asubuhi akafika Jaigaon, mji wa mpakani, akaenda getini. Yule askari akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikaa kwa muuza chai, upande wetu," alisema. "Naona ukuta wao. Alasiri Kinley akatuma ujumbe kwamba wameshamaliza, moto wa mazishi umekwisha. Nikalipa chai, nikarudi."

"Na ukaja ukakataa hilsa," alisema Kakoli.

Alikumbuka sasa. Hilsa wa kwanza wa mvua, samaki aliyempigania sokoni, na mtu wa Kolkata akamsukuma mbali! Alitaka wali wa kuchemsha na ndizi mbichi, chakula cha wafiwa, siku tatu, ndevu hazijanyolewa. Kakoli alimgombeza. Alimnywesha maji ya ajwani kwa ajili ya tumbo. Baba alikuwa anamlilia mtoto wake kwenye sahani, naye mama alisimama kando anauliza kama choo ni laini.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nirupam alificha kifo chenyewe, akaja kuumbuliwa na bajia za biringanya.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja nikuambie. Jua lilikuwa limetoka kidogo, uko darini unaanika kopo lako la achari lisiote ukungu. Ukaniambia nisikanyage mkeka. Nikasema kesho. Kila siku nikasema kesho. Mlipokata tiketi nikaenda kwa Mama, nikamwambia yote, nikamwomba akataze safari. Wewe humwogopi, lakini humkatalii."

Kumbe mama mkwe yule, tuliyemlaani toleo baada ya toleo, alishuka ngazi kwa makalio ili mkaza mwana asiende kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Nilikaribia kumpenda. Msifanye haraka, mimi mwenyewe niliharakisha.

Kakoli hakuwa analia. Neno moja lilikuwa limemkwama.

"Achari," alisema. "Alitaka kunazi."

Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Majira ya baridi. Kanipigia simu kwa siri, hakuuliza afya, hakuuliza nani kaolewa. Alitaka kitu kikali. Na akasema nije kabla ya mvua." Alimtazama mumewe. "Mwanamke hutamani ukali lini, Baba Titir? Na ile damu ilikuwa ya nini?"

Nirupam alitikisa kichwa. Hakujua. Mungu ni shahidi, ilionekana usoni kwamba hakujua. Kinley alisema, yeye hakusikia, na baadaye aliona aibu kumpigia kijana ambaye hakumzika naye mkewe.

Debu alivua kofia.

Palisikika msuguano wa kitambaa kwenye saruji. Bibi Hemnalini alikuwa ameshaufikia mlango, ameshakaa kwenye kipandio cha kwanza, mgongo nyuma, anapanda kwa makalio kama alivyoshuka.

"Mama," Kakoli alimwita. "Wewe unajua."

"Mimi mgonjwa, niache nikalale."

"Mtoto yupo?"

Bibi alipanda kipandio kingine. Funguo zilizofungwa kwenye pindo la sari yake ziligonga saruji.

"Wa kike," alisema mwishowe. "Mzima."

Nirupam alisimama. Alisema "Mama" tu, kama mtoto aliyepigwa.

Yule kizee alisema yote bila kupunguza, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Ile simu ya zamani ya nyumba iko juu kando ya kitanda chake, hakuna mwingine anayeipokea. Kinley alipiga mvua zilipokuwa katikati. Akasema mtoto ana paji la uso la mama yake. Akauliza kama bibi yake wa Kolkata, yaani Kakoli, angependa kumwona. Hemnalini akamjibu kwamba nyumba hii haina mtoto wala mjukuu, amekosea namba.

Akapiga tena juzijuzi. Amepata kazi Australia, na mtoto hawezi kwenda naye. Kuna watu wa mbali, wasio na kizazi, wamemwomba mtoto. Ni watu wema, alisema, lakini wakishamchukua ndiyo basi. Kabla hajakubali alitaka bibi yake aulizwe. Atangoja mpaka mvua ziishe.

"Nikamwambia asingoje."

Sote tulitazama dirishani, nami pia, msinicheke. Anga ilikuwa ya buluu, haina doa. Uchochoroni mpiga ngoma wa sikukuu alikuwa anajaribu ngoma yake. Mvua zilikuwa zimekwisha.

"Tiketi ni za baada ya sikukuu," alisema Debu. "Shemeji, siku zile zote..."

"Naondoka leo," alisema Kakoli. "Nitasimama kwenye behewa la watu wote." Akavuka sebule, akafika chini ya ngazi, akanyoosha mkono. Miaka ishirini na sita hakuwahi kuugusa ufunguo ule wala kuuomba. "Ufunguo, Mama. Nataka kadi yangu."

Hemnalini alifungua fundo la sari kwa vidole vyake vilivyopinda, akauweka ufunguo kwenye kiganja cha mkaza mwana. Aliutoa kirahisi mno.

"Chukua. Kabatini hamna kitu."

"Kadi ziko wapi?"

"Unakumbuka jioni ile uliyolalamika nyumba inanuka plastiki? Nikakwambia ni ubani mbovu." Alimtazama usoni, hakukwepa. "Zote tatu, kwenye chetezo. Sikutaka damu ya watu nisiowajua iingie hapa kwa jina letu. Nilitaka yaishe, mke wa mwanangu mkubwa. Nife yameisha."

Kakoli aliushika ule ufunguo kwa muda. Kisha akampita mama mkwe wake kwa kuruka vipandio viwili, akaingia chumbani. Walilisikia sanduku likifunguka, sari zikitupwa. Aliposhuka hakuwa na sanduku. Mkono mmoja alishika kopo la kunazi, mwingine pochi, na ndani ya pochi, Nirupam alijua bila kuambiwa, kulikuwa na kadi ya Aadhaar.

"Watakurudisha," alimwambia. "Kakoli, nilisimama pale. Watakurudisha."

"Najua. Kwa mikono miwili."

"Basi unaenda kufanya nini?"

Kakoli aliweka kopo kwapani. Alivaa viatu. Nirupam alimfuata hatua mbili, akajishikilia mlangoni kama alivyojishikilia mwanzo wa mvua kwenye meza ya yule muuza chai.

Kizingitini Kakoli aligeuka, pale pale alipogeukia Titir.

"Nakwenda," alisema.

Hata yule kizee alishtuka. Alijiinua kidogo kwenye kipandio chake, mkono mbele. "Sema nakuja," alisema. "Mke wa mkubwa, hata kama umenichukia, usitoke hivyo. Sema nakuja."

Lakini Kakoli alikuwa ameshaufikia uchochoro, na ngoma ikameza hatua zake.

Ndipo huko juu, kando ya kitanda cha bibi, simu ilipoanza kulia.

Debu alikuwa wa kwanza kuelewa kwamba huenda ni Kinley. Alikurupuka, bisi zikamwagika juu ya Bhutan yote, akazikimbilia ngazi. Akafika kipandio cha tatu, akakwama. Mama yake alikuwa amekaa katikati, mkono mmoja ukutani na mwingine kwenye nguzo.

"Mama, sogea."

Simu iliendelea kulia. Hemnalini hakusogea.